Jeti ya Nairobi, pistoni ya Voi

Pikipiki ililetwa juu ya pikapu, imefungwa kamba kila upande kama ng'ombe wa mnada. Ilikuwa Triumph Bonneville T120 ya mwaka 1970, silinda mbili zilizosimama bega kwa bega, kila moja na kabureta yake ya Amal Concentric yenye koo la milimita 30. Mwenyewe ni mzee mstaafu, mtu wa maneno machache. Alishuka, akanipa mkono, akasema, "Fundi, imenoki," yaani pistoni imekwama ndani ya silinda. Nilisimama juu ya kiki kwa uzito wangu wote, haikushuka hata kwa upana wa kidole.

Ilikuwa imenoki baada ya kupita Voi, akielekea Mombasa, saa saba mchana, kilomita 110 kwa saa na upepo wa mbele. Kwanza alihisi inapoteza nguvu kama mtu amekanyaga breki. Kisha akasikia mlio wa kokoto ndani ya kopo. Alipofikiria kupunguza mafuta, tairi la nyuma tayari lilikuwa linaburuzika. Akakamata klachi, akateleza mpaka kando ya barabara akiwa mzima. Waliokwisha kunokiwa na pikipiki mbele ya lori la kontena kwenye barabara ile wanajua alivyobahatika.

Naandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu kila fundi aliyeigusa kabla yangu alikuwa na hoja. Hakuna aliyebahatisha, na bado pistoni ilikwisha.

Historia yake ni hii. Kiwandani Meriden, karibu na Coventry, T120 ilitoka na cc 649: kipenyo cha silinda milimita 71, mwendo wa pistoni milimita 82. Mzee aliagiza silinda za milimita 76, ikawa cc 744. Ekzosi za awali zikatolewa, zikaingia megafoni fupi zisizo na kitu ndani. Maboksi ya chujio yakaondoka, kila kabureta ikavishwa chujio la koni. Kemshafti zilibaki za kiwandani.

Gereji iliyofunga silinda zile ilitoa jeti kubwa za 190 (jeti ni kipande cha shaba chenye tundu linalopimia petroli ndani ya kabureta), namba ya kawaida kwa T120 za miaka ile, ikatia 230. Hoja yao ilikuwa kwamba injini imekua, basi na jeti ikue. Matokeo yake yalikuwa moshi mweusi, plagi zenye masizi, kumisi kila ukifungua mkono wa mafuta nusu, na kilomita 11 kwa lita. Mzee akahama. Gereji ya pili ikasema, na ilisema kweli, kwamba Nairobi iko juu na hewa yake ni nyembamba. Wakatia 160, wakaishusha kwa mtaro mmoja sindano, ile inayopanda na kushuka kuachia au kubana petroli. Pikipiki ikawa tamu. Kwa miezi minne mzee aliipanda Limuru, akateremka Naivasha, akarudi, na plagi zilitoka na rangi ya hudhurungi ambayo kila fundi angeisifu. Ndipo akaamua kuipeleka pwani.

Nianze na hoja ya gereji ya kwanza, kwa maana nimeisikia mara nyingi mno. Kabureta haijui ukubwa wa silinda. Inajua kasi ya hewa inayopita kooni mwake. Hewa ikikimbia, shinikizo la pale kooni linashuka, na petroli inavutwa kutoka kwenye bakuli kupitia jeti. Ukitia silinda kubwa zaidi, hewa inakimbia zaidi, mvuto unaongezeka, na petroli inaongezeka yenyewe bila kuguswa jeti. Kutoka cc 649 mpaka 744 ni ongezeko la karibu asilimia 15, lakini hilo si agizo la kuongeza jeti asilimia 15. Kilichostahili kuongezewa kidogo ni chujio na ekzosi. Boksi la zamani la chujio lilikuwa linaibana hewa, na kule kubana kulisaidia kuivuta petroli. Ukiliondoa, mvuto unalegea na mchanganyiko unakuwa mwepesi kidogo. Dawa yake ni namba moja au mbili juu. 230 ilikuwa namba nne.

(Gerejini kwetu tunasema mchanganyiko ni mzito petroli ikizidi, na ni mwepesi hewa ikizidi. Mzito unakuchafulia plagi na kukumalizia pesa. Mwepesi, injini ikiwa imebeba mzigo, unayeyusha pistoni.)

Sasa hoja ya gereji ya pili. Meta moja ya ujazo ya hewa, katika siku ya baridi ya wastani huko Uingereza, nyuzi 15, ina uzito wa karibu kilo 1.22. Mombasa, nyuzi 29, ni karibu 1.17. Voi, chini ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, jua likiwa kali, ni kama 1.09. Nairobi, karibu mita 1,800, nyuzi 22, ni 0.97 hivi. Ukipanda mpaka Limuru unakuta 0.93. Injini inavuta ujazo uleule kila mzunguko, kwa hiyo Nairobi inapata hewa kidogo kwa uzito. Petroli nayo inapungua, ila haipungui sawasawa na hewa. Inapungua kwa kipeuo cha pili cha kadiri ile. Hewa ikibaki asilimia 79, petroli inabaki asilimia 89. Hiyo tofauti ndiyo uzito unaouona kwenye plagi ukitoka pwani ukapanda bara.

Jambo zuri la Amal ni kwamba namba ya jeti kubwa ni kiasi cha petroli inachopitisha kwa dakika, kwa sentimita za ujazo, chini ya mvuto maalumu. Kwa hiyo unaweza kuizidisha moja kwa moja. 190 ya Uingereza mara 0.89 ni 169 Nairobi. 190 mara 0.98 ni 186 Mombasa. Fundi wa pili alikuwa karibu na ukweli wa Nairobi. Alishuka kidogo chini ya hesabu, na kwa zile chujio za koni alipaswa kushuka pungufu ya hapo, lakini hakuwa mbali. Kosa lake ni kwamba hakumuuliza mzee anakwenda wapi.

Hapa kuna jambo linalonichekesha. Jina Bonneville limetoka kwenye uwanda wa chumvi wa Utah, Marekani, ambako Triumph iliyovishwa bodi yenye umbo la samaki ilikimbizwa mwaka 1956 kwa kasi iliyopita maili 200 kwa saa. Uwanda ule uko karibu mita 1,290 juu ya bahari. Yaani pikipiki hii imepewa jina la mahali ambapo mafundi wake walilazimika kuhangaika na hewa nyembamba kama sisi.

Tulifungua. Silinda ya kulia ilikuwa na michubuko upande wa ekzosi, pistoni imesuguka, ringi ya juu imenasa kwenye mtaro wake. Plagi ya kulia ilikuwa nyeupe kama chaki, na kwenye kauri yake kulikuwa na vidoadoa vinavyong'aa: aluminiamu ya pistoni. Ya kushoto ilikuwa ya kijivu hafifu, nyepesi lakini hai. Silinda ya kushoto haikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Hapo ndipo kisa kilipoanza kunivutia. Silinda mbili, jeti mbili zilizopigwa muhuri 160, barabara moja, jua moja. Kwa nini moja ife na nyingine ipone?

Nilianza na taimingi, yaani wakati cheche inapopigwa, maana ikiwa mbele kupita kiasi nayo inaunguza pistoni. T120 inataka cheche nyuzi 38 za mzunguko kabla ya pistoni kufika juu, na kila silinda ina platini zake za kuipiga. Kulia ilikuwa 38, kushoto 37. Haina hatia.

Kisha nikaweka rula ya chuma kwenye uso wa kabureta ya kulia, pale inapokutana na kichwa cha injini. Mwanga ulipita chini ya rula. Amal Concentric ni laini, na fundi akikaza nati zake kwa hasira, masikio yake mawili yanapinda na katikati panaachia nafasi. Hapa nafasi ilikuwa karibu milimita 0.2, na ringi ya mpira ilikuwa imekauka. Hewa ilikuwa inaingia bila kupita kwenye kabureta.

Hilo lingetosha kumaliza upelelezi, lakini kijana ninayemfundisha kazi alizishika zile jeti mbili juu ya taa, akasema, "Mwalimu, hii ya kushoto tundu lake si la duara." Nikachukua kioo cha kukuzia. Kweli. Mtu fulani, siku fulani, aliizibua kwa waya. Kazi hii hufanywa kila kona ya mji, na waya wenyewe ni wa brashi au wa kamba ya breki. Shaba ya jeti ni laini kuliko waya huo.

Tukazipima. Hatukuhitaji mashine: chupa ya dripu iliyokatwa kitako, mpira, jeti mwishoni, na petroli ikijazwa mpaka alama ileile kila mara. Jeti mpya ya 190, ya asili, ilimaliza kipimo chetu kwa sekunde 58. Ile ya kulia ilichukua sekunde 69. Ukigawa, unapata 160 kamili. Ya kushoto ilichukua sekunde 63, yaani ilikuwa 175 iliyovaa jina la 160.

Basi silinda ya kushoto iliokolewa na fundi mbaya. Waya ulioiharibu jeti yake uliiongezea petroli kwa karibu asilimia 9, na asilimia hizo ndizo hasa zilizohitajika kati ya Nairobi na bahari. Ya kulia ilikuwa na jeti safi, halali, namba sahihi, na hewa ya wizi kwenye flanji, ule uso uliopinda. Ikafa.

Ungeuliza, mzee hakusikia tofauti? Kwenye injini hii ni vigumu. Pistoni zote mbili zinapanda na kushuka pamoja, na silinda zinapokezana kuwaka, moja kila mzunguko. Mlio wake ni wa mfululizo sawa, hauna kipigo cha kuchechemea ambacho sikio lingekidaka. Moja ikidhoofika, nyingine inaibeba. Ndiyo maana silinda mbili zenye kabureta mbili hupimwa kila moja peke yake, kama ni pikipiki mbili zilizofungwa pamoja.

Matengenezo ya chini nitayapita haraka: pistoni na ringi mpya kulia, silinda ikasuguliwa ndani kwa honi, nyuso za kabureta zote mbili zikasuguliwa juu ya kioo kwa msasa mpaka rula haikuachia mwanga, ringi za mpira mpya. Slaidi za zamani, vile vipande vinavyopandishwa na kebo kufungua koo la kabureta, zilikuwa zinacheza kwenye nyumba zake, nikaweka mpya, zenye mkato ule ule namba 3. Jeti za sindano pia mpya, .106, kwa sababu sindano hupapasa tundu lake miaka yote na kulipanua. Viwango vya petroli kwenye mabakuli mawili tukavilinganisha. Mwisho nikachomeka vyuma viwili vya drili vya kipenyo kimoja chini ya slaidi, nikarekebisha kebo mpaka vyote vikadondoka kwa mpigo mmoja. Mzee akapewa pikipiki aizoeshe kwa kilomita 800 bila kuifungua yote. Kwa wakati huo tulitia jeti kubwa za 200, nzito makusudi.

Aliporudi, kazi ya kuchagua ikaanza.

Nilibandika utepe mweupe kwenye mkono wa mafuta na mwingine kwenye nyumba yake, nikachora alama: moja ya nane, robo, nusu, robo tatu, yote. Watu wengi huhesabu mizunguko ya injini au kasi. Kabureta inahesabu mkono. Mpaka moja ya nane ni jeti ya slo (injini ikinguruma mkono ukiwa umeachiwa) na skrubu ya hewa. Kutoka hapo mpaka robo ni mkato wa slaidi. Kutoka robo mpaka robo tatu ni sindano na jeti yake. Baada ya robo tatu ndipo sindano imepanda kiasi kwamba ncha yake nyembamba haizuii tena, na jeti kubwa inashika usukani. Mipaka hii si ukuta, inapishana. Lakini mtu asiyeijua atabadilisha jeti kubwa wiki nzima akitafuta ugonjwa ulio kwenye sindano.

Mzee aliniambia mara tatu kwamba alikuwa kilomita 110 kwa saa. Mara ya nne nikamwomba akae juu ya pikipiki ikiwa imezimwa, afumbe macho, aushike mkono kama alivyoushika siku ile. Alama ikasimama katikati ya nusu na robo tatu. Kwa hiyo jeti 160 haikuwa mkosaji peke yake. Sindano iliyoshushwa ilikuwa imefanya sehemu kubwa ya kazi. Kibanio cha sindano ya Amal kina mitaro mitatu, na inawachanganya vijana: ukikipeleka kibanio mtaro wa juu, sindano inashuka, na petroli inapungua. Fundi wa pili alikuwa amepunguza kwenye sindano na akapunguza tena kwenye jeti. Nairobi, mahali ambapo huwezi kushika robo tatu ya mafuta kwa zaidi ya sekunde kumi kabla hujakutana na matatu, hakuna aliyegundua.

Niliazima kipima oksijeni, tukachomea tundu kwenye kila ekzosi. Kinaonyesha uwiano wa hewa kwa petroli kwa uzito. Kikemia, 14.7 kwa 1 ndiyo inayoungua yote. Injini ya kupozwa na hewa kama hii, ikifunguliwa yote, naitaka kati ya 12.5 na 13, maana petroli ya ziada inapoza. Ikivuka 14 chini ya mzigo siwezi kulala. Tahadhari moja: kwa megafoni fupi kipima hiki kinadanganya injini ikiwa slo, kwa sababu hewa ya nje inarudi ndani ya bomba na kukionyesha wepesi ambao haupo. Kwa slo nilitumia sikio na bisibisi.

Tulikwenda barabara ya Kajiado asubuhi mapema, kabla ya malori. Mkono wote, gia ya tatu, mlima mdogo. Kwa 190 tulisoma 11.6 silinda zote mbili. Kwa 180, 12.2. Kwa 170, 13.0. Nilijaribu 160 kwa sekunde chache, nipate tu kujua: 13.8. Na kila mara tulizima kwa swichi huku klachi imekamatwa, tukatoa plagi na kuziangalia, kwa kuwa namba bila plagi siziamini.

Kwa hiyo jibu la Nairobi lilikuwa 170, namba ileile iliyotoka kwenye hesabu. Kijana wangu alikwisha kuitoa kwenye pakiti.

Lakini zipeleke namba hizo pwani. Hewa ya Mombasa ni nzito kuliko ya Nairobi kwa karibu asilimia 20, na kipeuo cha pili cha hapo kinaufanya mchanganyiko kuwa mwepesi kwa karibu asilimia 10. 170 yenye 13.0 Nairobi inakuwa 14.3 Mombasa. 180 inakuwa 13.4. 190 inakuwa 12.7. Na ile 160 inakuwa 15.1, kabla hujaongeza hewa ya flanji iliyopinda. Ukiiona namba hiyo unashangaa ilifikaje Voi.

Tulibishana kidogo. Kijana alitaka seti mbili: 170 za kukaa Nairobi, 190 kwenye kibegi cha spana, zibadilishwe njiani. Si wazo baya. Kwenye Concentric unafungua skrubu mbili za bakuli, na kwa mkono mwepesi kabureta zote mbili ni dakika ishirini. Nimefanya hivyo kwa kijana mwingine anayepanda Honda ya mashindano. Mzee alisikiliza, akasema, "Mwanangu, mimi nikisimama Mtito Andei nasimama kula." Nikamwelewa. Na hata kama angekubali, kuna siku angesahau, na gharama ya kusahau haiko sawa pande zote. Ukisahau 190 Nairobi unapoteza nguvu kidogo mkono ukiwa wazi wote. Ukisahau 170 ukashuka pwani unanunua pistoni.

Tukafunga 190. Ndiyo, namba ya kiwandani, kwenye injini ya cc 744 yenye ekzosi wazi, baada ya kupitia 230 na 160. Haikuwa kurudi nyumbani kwa heshima ya kiwanda. Hewa nyembamba ya huku iliomba kupunguza, chujio na ekzosi viliomba kuongeza, na bahari ilikataa kupunguza kupita kiasi.

Sindano nikairudisha mtaro wa kati. Kwa nusu ya mafuta, Nairobi, tulisoma 12.6, nzito kidogo kwa mwendo wa kawaida. Mtaro wa juu ulitupa 13.5 na pikipiki ikawa nyepesi mkononi, ya kupendeza kweli. Nilijua kwa nini fundi wa pili aliupenda. Lakini 13.5 ya Nairobi ni 14.8 ya Mombasa, na pale ndipo mkono wa mzee unapokaa saa nne mfululizo. Mtaro wa kati.

Slo ndiyo ya rahisi. Kwenye Amal hii skrubu ya pembeni inaruhusu hewa, si petroli: ukiifungua mchanganyiko unakuwa mwepesi, ukiifunga unakuwa mzito. Nairobi ilikaa vizuri kwa mizunguko miwili kasoro kidogo. Nikamwonyesha mzee jinsi ya kuifunga nusu mzunguko akifika chini.

Safari ya kupima niliifuata kwa pikapu, kipima kikiwa kimefungwa juu ya tangi kwa mpira. Kilomita 480 hivi. Tukitoka Nairobi, nusu ya mafuta ilisoma 12.6. Voi 13.3. Mazeras, bahari ikianza kunukia, 13.7 upande wa kulia na 13.8 kushoto. Kila tuliposimama nilitoa plagi ya kulia, na kila mara mzee alisogea mbali akajifanya anaangalia simu. Kati ya Voi na Mariakani nilimwashia taa afungue yote kwa sekunde kumi na tano. Alifungua, nikaona pikipiki inanyooka mbele yangu, kipima kikasoma 12.7. Hakukuwa na mlio wa kokoto. Mafuta ilikula lita 28 safari nzima, kilomita 17 kwa lita.

Kasoro moja ilibaki, na sikuimaliza. Mombasa, mchana, ukiupiga mkono ghafla kutoka slo, kabureta zinakohoa mara moja kabla ya kuitikia. Ni wepesi wa pale kati ya moja ya nane na robo, mahali pa mkato wa slaidi. Kuifunga skrubu nusu mzunguko kulipunguza, hakukuondoa. Slaidi yenye mkato wa 2½ ingeponyesha, lakini Nairobi ingeanza kugugumia kwenye foleni, na mzee anakaa kwenye foleni ya Nairobi siku nyingi kuliko anavyokaa Mombasa. Nilimweleza. Akaupiga mkono mara mbili, akaisikiliza inakohoa, akasema hata yeye hukohoa akifika pwani.

Ile jeti ya kushoto, 175 iliyoandikwa 160, nimeitundika kwenye msumari juu ya meza yangu. Kijana akiona mteja anaingia na waya mkononi, humwonyesha.